Mama yuko eda, hatoki

Basi bwana, wiki tatu nzima nahangaika na kamchezo ka kuigiza, ka onyesho moja tu, dakika 20 hivi, vijana wa mtaani kwetu hapa Tanga ndo wamenibebesha huo mzigo na mimi kwa kupenda sifa nikasema hamna shida. Kumbe ipo. Stori ni ya watoto watatu wanagombea nyumba ya marehemu baba yao, mswada wa kwanza nikaanzia makaburini, nikaenda sokoni, nikaenda kwa shehe, nikarudi nyumbani, jamaa anayewafundisha kuigiza akausoma akaniambia hii filamu hii, sisi tuna mkeka mmoja na taa mbili, na taa ikizimwa tu mbadilishe sehemu watu wanatoa simu.

Nilinuna kidogo ila alisema kweli. Sasa ukibaki sehemu moja, watu wakigombana si mmoja ananyanyuka anaondoka zake? Lazima kuwe na kitu kinachomshika pale.

Jibu nililipata kwa mama mdogo, alifiwa na mumewe mwaka juzi. Eda ya mjane ni miezi 4 na siku 10, na muda wote huo yuko nyumba ile ile, hatoki ila kwa dharura, kwa hiyo mwenye pole, mwenye umbea, mwenye deni, wote wanamfuata pale pale. Jukwaa lishapangwa! Nikamkalisha mama katikati ya mkeka, arobaini imesomwa juzi tu, halafu watoto nikawaleta mmoja mmoja.

Ila kilichonipa mchezo wenyewe ni hesabu ya mirathi. Mjane kama kuna watoto fungu lake ni thumni, moja ya nane, kinachobaki (wazazi wa marehemu nimeshawazika zamani, wasinivurugie hesabu) wanagawana watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike. Nyumba nikaipa vyumba 8. Mama kimoja, kaka vitatu na nusu, mabinti kila mmoja kimoja na robo tatu. Nilicheka peke yangu saa sita usiku, maana hiyo robo tatu ya chumba unalala na miguu unaiweka kwa nani? Na chumba cha mama ndo kile kile alichokalia.

Kuna ushauri eti mchezo mfupi ukate salamu uokoe muda. Mi sikubali, kwetu mtu akiingia bila hodi huo ugomvi tayari. Kwa hiyo nimefanya hivi, mtoto wa kwanza anapiga hodi ndefu, shikamoo, pole mama, umekula? Wa pili shikamoo ya haraka haraka. Kaka mtu anaingia kimya ameshika futikamba.

Binti anayeigiza mama alilalamika sana, mbona sina maneno, ukurasa mzima nakohoa tu. Nikamwambia vumilia. Juzi mazoezini kaka anapima chumba, futikamba ikafika miguuni kwa mama, kwenye mswada nilikuwa nimeandika anakunja miguu. Hakukunja. Akabaki kamwangalia tu, yule kijana akachanganyikiwa, akaizungusha futi kwa nyuma yake na kipimo kikaharibika. Nimeenda nyumbani nikafuta langu nikaandika lake, ukurasa wa 17.