Mbuzi Wawili Kwenye Namba A

Orodha ya magari iliwekwa kwenye grupu la familia Jumatano usiku. Harrier ya binamu, Vanguard ya shemeji, Crown ya rafiki yake bwana harusi, na Noah ya kukodi kwa ajili ya kina mama. Chini ya kila gari, majina ya abiria. Langu lilikuwa kwenye Noah, siti ya nyuma, kati ya shangazi na mfuko wa vitenge. Nikasoma mara ya pili. Mimi nina gari, lakini gari langu halikuwamo.

Asubuhi mjomba akapiga simu. Mjomba wangu si mtu wa kuzunguka mbuyu, ila siku hiyo aliuzunguka mpaka nikamwonea huruma. Aliuliza watoto, akauliza kazi, akauliza upepo wa Dodoma mwaka huu umekuwaje, utadhani yeye anaishi Tanga na si hapo Nkuhungu. Mwisho akajikaza: "Mwanangu, safari hii ile ya kwako ipumzike. Tunakwenda ugenini. Wakwe wanaangalia."

Ilikuwa Agosti 2019, tunapeleka mahari ya mdogo wangu. "Ile ya kwako" ni Toyota Corolla, ile wanayoiita 110, niliyoinunua mwaka 2011 kwa mwalimu aliyekuwa anastaafu, milioni sita na laki tano, taslimu. Mwaka ule ilinipa heshima. Watoto wa mtaani walikuwa wananifungulia geti bila kuombwa. Miaka minane baadaye gari ni lilelile na mimi ni yuleyule, lakini mji ulikuwa umetutoroka wote wawili.

Aliyeishi Dodoma miaka hiyo anajua. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma, safari hii kweli, baada ya uamuzi kukaa tangu 1973. Wakaja watu, zikaja nyumba, yakaja magari. Aprili 2018 tukaitwa jiji. Aprili 2019 Mji wa Serikali ukazinduliwa Mtumba, kilomita 17 hivi kutoka katikati ya mji, na sisi tuliozoea kwenda kazini kwa miguu tukifuta vumbi kwenye viatu mlangoni, ghafla tukawa watu wa kuulizwa "umekuja na nini?" Wenzangu walikopa karibu kwa mkupuo. Siwalaumu. Mwenye watoto watatu na nyumba huko Nzuguni anajua anachokifanya.

Tatizo la gari langu lilikuwa namba. Kwetu gari halifichi umri wake. Katika zile herufi tatu za mwisho, ya kwanza ndiyo inayokusema: waliotangulia wana A, wakafuata B, wakaja C, na mwaka ule mjini ilikuwa ni D tu. Mimi nilikuwa namba A. Siku moja mlinzi mgeni pale ofisini aliniinulia mkono, akanionyesha mbali kule penye kokoto: "Wageni wanapaki kule, mzee." Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na moja.

Sitaki kulipamba. Kiyoyozi kilikufa mwaka 2015 na sikukifanyia matanga. Dashibodi ilikuwa imepasuka kwa jua. Kioo cha nyuma kushoto kilipanda tu ukikibana kwa viganja viwili, mtu akiwa nje. Rangi ya paa ilikuwa imebabuka kama midomo ya mtu wa Juni. Lakini injini, ile 5A, fundi wangu wa Kizota aliweza kuifungua huku anaongea na simu. Mwaka 2014 taimingi belti ilikatika karibu na Kibaigwa nikiwa na mke wangu na mtoto mchanga. Kwenye injini nyingi ukikatika ule mkanda, pistoni zinagonga valvu na hapo unaanza kutafuta injini nyingine. Ya 5A haigongi. Fundi wa pale alifunga belti mpya, akarudisha alama zake, akapiga stata, na jioni ileile tulikuwa Morogoro tunakula wali. Kitu kama hicho hukisahau.

Hata hivyo, nisijifanye shujaa. Wiki ileile ya mahari, kwenye droo ya meza yangu ilikuwamo fomu ya mkopo, imejazwa yote. Mwenzangu wa meza ya pili ndiye aliyeniletea, akanijazia mpaka jina la mke. Milioni 18, miezi 72, makato ya laki nne kila mwezi. Tulikuwa tumeshahakikisha kwamba mshahara unabaki na ile theluthi ambayo kanuni inataka mtumishi abaki nayo. Ilibaki saini tu. Niliiacha kwa sababu kalamu iliisha wino, na baada ya hapo nikawa kila siku nasema kesho.

Kilicholiokoa gari langu ni mbuzi.

Ijumaa usiku ndipo kamati ilipokumbuka kwamba mahari ile ilikuwa na mbuzi wawili wa kutanguliza, beberu na jike, na mshenga alishawaahidi wakwe kwamba watafika pamoja na wageni. Nani atawabeba? Harrier ina viti vya ngozi. Vanguard imetoka kuoshwa. Mwenye Crown hakujibu ujumbe kabisa, ingawa grupu lilionyesha amesoma. Dereva wa Noah akasema ameletewa mkataba wa kubeba watu. Kimya kikakaa kwenye grupu kama dakika kumi. Kisha mjomba akaandika: "Kaka mkubwa, ile ya kwako ni nzima?"

Basi nikaenda. Beberu kwenye buti, mlango umefungwa nusu kwa kamba ili apate hewa. Jike siti ya nyuma, juu ya magunia, pamoja na kreti nne za soda. Nilikuwa wa mwisho kwenye msafara. Tukapita Mtumba, tukapita Chamwino, Mbande tukaacha barabara ya Morogoro tukashika ya Kongwa. Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri. Jike alikuwa mtulivu, anatazama nje kama mama anayekwenda kliniki. Mbele ya Kongwa lami ikatuacha, na mtu wa mwisho kwenye msafara wa magari matano, asiye na kiyoyozi, mwenye kioo kisichopanda, anakula vumbi la wote. Nilifika kijijini nikiwa na rangi moja na mbuyu.

Na ni kwenye mbuyu walikonisimamisha. Kama mita mia tatu kabla ya boma la wakwe, mjomba alishuka kwenye Harrier akanijia huku anajifuta paji la uso. "Mwanangu, wewe bakia hapa na soda. Vijana watawaswaga mbuzi kwa miguu, ndivyo inavyopendeza. Tutakutumia mtu." Vijana wakaja, mbuzi wakaenda. Magari manne yakaingia bomani, nikasikia vigelegele vikipokea kila moja.

Ningeweza kukataa. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, baba yetu ni marehemu, na kwa utaratibu wowote wa Kigogo ninaoujua mahali pangu palikuwa kwenye mkeka. Sikukataa. Nilikaa na kreti nne za soda.

Baada ya muda akaja mzee mmoja na fimbo, koti kubwa la baridi limevaliwa juu ya shuka, ingawa jua lilikuwa limesimama kichwani.

"Mbukwa."

"Mbukwa, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye dereva wao?"

Sijui ulimi ulinitangulia au nilimwachia makusudi. "Ndiyo, babu."

Akafungua mlango wa mbele, akaketi siti ya abiria miguu nje, akaomba soda. Nikampa. Akaanza kusema habari za karanga. Mtu wa Kongwa ukimpa soda atakueleza karanga: ule mradi mkubwa wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, uliokusudiwa kuipatia Uingereza mafuta ya kula baada ya vita. Yeye alikuwa mtoto mdogo. Alisema walikuwa wanakimbia nyuma ya matrekta wajione nyuso zao kwenye mabati yanayong'aa, na kwamba mabwana walipima kila kitu ila hawakuuliza kiangazi udongo wa hapa huwaje. Akagonga ardhi kwa fimbo nisikie. Ililia kama saruji. Baba yake, alisema, aliokota chuma cha mashine iliyoachwa akafulia shoka, na lile shoka lipo.

Kisha akapapasa dashibodi yangu, akapita na kidole kwenye ule ufa. "Hili gari la nani?"

"La bosi."

La pili hilo. Mimi nimelelewa kanisani, na Dodoma hukui bila kusikia ya Petro na jogoo, kwa hiyo nilikuwa nahesabu.

"Na wewe una la kwako?"

"Bado natafuta, babu."

Jogoo hakuwika. Ila kule bomani jike langu alilia, mara moja, kwa sauti ya juu.

Waliniita wakati wa chakula. Nilinawa, nikapewa nafasi mwisho wa mkeka karibu na mlango. Shangazi, ambaye nadhani roho ilikuwa inamsuta tangu kwenye mbuyu, akasimama kunitambulisha: "Na huyu ndiye kaka mkubwa wa bwana harusi, ndiye baba yao sasa." Pembeni, kwenye kigoda cha heshima, alikuwa ameketi yule mzee wa koti. Alikuwa babu yake bibi harusi. Alinitazama muda mrefu, chupa ya soda yangu bado mkononi.

"Huyu," akasema, "si dereva wenu?"

Kikao kikanyamaza. Mjomba alikohoa. Mshenga, ambaye kazi yake ni kusema, hakusema.

"Maana ameniambia yeye ni dereva, gari la bosi. Kama ni kaka mkubwa, basi nyinyi mmeingia kwangu mmemwacha baba wa kijana nje kama mwizi wa kuku. Hiyo ina faini."

Anayejua mahari anajua kwamba faini haikosekani. Atakayechelewa, atakayekalia kigoda kisicho chake, atakayetaja jina la mkwe, wote wanalipa, na ni sehemu ya mchezo. Mshenga akazinduka, akaanza kupatana: elfu ishirini taslimu, tusameheane. Babu akatikisa kichwa. Mbuzi. Mmoja. Na aletwe na huyuhuyu dereva, kwa gari hilohilo la bosi.

Watu walicheka mpaka kina mama wakatoka jikoni kuuliza kuna nini. Mimi pia nilicheka, kwa sababu nisingecheka ningefanya kitu kingine.

Wakati wa kurudi mama alishuka kwenye Noah, akaja akafungua mlango wangu bila kusema, akaingia. Aliguna kwa harufu ya beberu, akafunga ushungi puani. Kutoka pale mpaka Mbande hakutia neno. Karibu na Chamwino akasema, uso ameuelekeza nje:

"Mimi ndiye niliyemwambia mjomba wako akupigie."

Niliendelea kuendesha.

"Sikutaka wakuseme. Watu wana midomo. Nilitaka wakuone vizuri."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mjomba, kwa binamu, kwa mlinzi wa kwenye kokoto. Kwake sikuwa nimejiandaa. Nilimuuliza kama upepo unamsumbua nisimame nikabane kile kioo. Akasema hapana, kiache, kinatoa mbuzi.

Jumatatu nilivuta droo. Mwenzangu wa meza ya pili alininyooshea kalamu mpya kabisa. Niliigeuza ile fomu nikaandika nyuma yake, kwa sababu kichwa changu kilikuwa bado kwenye mbuzi. Laki nne mara 72 ni milioni 28 na laki nane. Toa 18. Zinabaki milioni 10 na laki nane za kumshukuru mkopeshaji. Mbuzi mzuri wakati ule ulimpata kwa elfu 80. Nikagawanya. Mbuzi 135. Nikajaribu kuwapanga mbuzi 135 kwenye msafara, mmoja nyuma ya mwingine, kutoka Mtumba kuelekea Chamwino, na mimi nyuma yao nakula vumbi. Mwenzangu akauliza ninacheka nini.

Sikusema hapana siku hiyo, nikasema bado. Nimeendelea kusema bado, na simu za mjomba zimeendelea pia.

Mbuzi wa faini nilimnunua mnada wa Msalato Septemba, Jumamosi, beberu mweupe mwenye doa jeusi jichoni. Safari hii sikumweka buti. Alikaa siti ya nyuma upande wa kile kioo kisichopanda, kichwa nje, ndevu zinapepea. Pale Mbande askari wa usalama barabarani akanisimamisha. Alizunguka gari taratibu, akaangalia matairi, akaangalia stika ya bima, akaangalia namba, kisha akainama akatazamana na beberu.

"Mzee, hili ni lako?"

"Langu."

"Na huyu?"

"Huyu ni wa mkwe."

Akamtazama tena. "Mfunge mkanda," akasema, akanipungia mkono nipite.