Sumaku Juu ya Kichwa: Inatibu au Inapima?

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kufanya mazoezi na watu waliopooza upande mmoja baada ya kiharusi. Haupiti muda mrefu kabla ndugu wa mgonjwa hajaniita pembeni na kuniuliza: “Daktari, tumesikia kuna mashine ya kuamsha ubongo kwa sumaku, mbona hamuitumii?” (Mimi si daktari, lakini nimechoka kusahihisha.) Siku hizi sijibu kwa ndiyo wala hapana, kwa sababu kadiri ninavyosoma tafiti ndivyo ninavyoona kwamba swali lenyewe limeanzia mahali pasipofaa. Tunauliza kama mashine hiyo inatibu, ilhali kazi iliyoifanya vizuri zaidi mpaka sasa kwa mgonjwa wa kiharusi ni kupima.

Msingi wake ni wa zamani. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba uga wa sumaku unaobadilika huzalisha mkondo wa umeme katika waya ulio karibu. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake mjini Sheffield, Uingereza, waliitumia kanuni hiyo kwenye kichwa cha mtu aliye macho: umeme mkali ulipitishwa kwenye koili, yaani waya uliozungushwa, kwa muda mfupi sana, uga wa sumaku ukavuka fuvu bila kizuizi na kuzalisha mkondo mdogo katika gamba la ubongo, na misuli ya mkono wa upande wa pili ikajikunja bila mwenyewe kuiamuru. Miaka 5 kabla yake, Merton na Morton walikuwa wamepata matokeo kama hayo kwa kupitisha umeme moja kwa moja kwenye ngozi ya kichwa, lakini njia yao iliumiza, na maumivu si jambo dogo unapotaka mtu akubali kurudi kesho.

Mpigo mmoja wa sumaku huuliza swali na kupokea jibu papo hapo: je, njia itokayo kwenye ubongo hadi kwenye msuli ingali wazi? Mipigo mingi inayofuatana, kwa upande wake, huacha athari inayodumu baada ya koili kuondolewa. Kwa kawaida inaelezwa kwamba mpigo mmoja kwa sekunde huutuliza ubongo, na mipigo 5 au zaidi kwa sekunde huuchangamsha. Mwaka 2000 Nitsche na Paulus, huko Göttingen, Ujerumani, walionyesha kwamba hata mkondo dhaifu wa miliampia 1, unaopitishwa kati ya elektrodi mbili zilizobandikwa kichwani, unaweza kuibadili hali ya gamba la ubongo kwa dakika kadhaa. Mkondo huo hauilazimishi seli ya neva kutoa ishara. Huisogeza tu karibu na ukingo wa kutoa ishara au mbali nao. Kifaa chake ni chepesi kiasi kwamba wapo wanaojiundia nyumbani, jambo ambalo siwezi kulishauri, kwa kuwa matokeo hutegemea mahali, kipimo, muda na hali ya ubongo wenyewe. Sumaku nayo ina masharti yake: aliye na chuma au kifaa cha kielektroniki ndani ya kichwa hatakiwi kusogezewa koili kabla ya kuchunguzwa kwa makini, na uwezekano wa kuamsha kifafa, ingawa ni mdogo, haujawahi kufikia sifuri.

Matumaini ya kutibu kiharusi kwa njia hii yalijengwa juu ya wazo moja la kuvutia. Nusu mbili za ubongo zimeunganishwa na daraja la nyuzi, na kila moja huizuia nyenzake kwa kiasi fulani. Kiharusi kinapoipiga nusu moja, ilifikiriwa, nusu iliyo salama hubaki bila wa kuizuia na huanza kuikandamiza ile iliyojeruhiwa. Kwa hiyo mtu angeweza kuituliza iliyo salama, au kuichangamsha iliyojeruhiwa, na mizani ingerudi. Wazo hili ni zuri mno, na nadhani uzuri wake ndio uliotuponza. Majaribio mengi madogo yaliliunga mkono, na mwongozo uliotolewa na kundi la wataalamu wa Ulaya mwaka 2020 uliipa daraja la juu kabisa la ushahidi njia ya kuituliza nusu iliyo salama kwa ajili ya mkono, katika miezi ya mwanzo baada ya kiharusi.

Hata hivyo, jaribio lililojulikana kwa jina la NICHE, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018, lilikuwa kubwa na makini kuliko mengi yaliyolitangulia. Wagonjwa 199 katika vituo 12 vya Marekani, wote wakiwa kati ya miezi 3 na 12 tangu wapate kiharusi, walipewa vipindi 18 vya sumaku ya kweli au ya kuigiza (isiyokusudiwa kuugusa ubongo, ili kulinganisha), na kila kipindi kilifuatwa na mazoezi ya mkono. Miezi 6 baadaye, waliopata nafuu yenye maana walikuwa asilimia 67 katika kundi la sumaku ya kweli, na asilimia 65 katika kundi la kuigiza. Baadaye ikashukiwa kwamba huenda koili ya kuigiza nayo ilipenyeza umeme kidogo, jaribio likarudiwa kwa watu wachache zaidi na koili nyingine ya kuigiza, na bado tofauti haikuonekana.

Wengi waliosoma matokeo hayo walihuzunika. Mimi nilibaki nikizitazama zile namba mbili. Karibu theluthi mbili ya watu ambao kipindi cha kupona kwa kasi kilikuwa kimeshawapita waliongeza uwezo wa mkono, na walichoshiriki wote ni mazoezi yaliyopangwa na kurudiwa bila kukosa. Ni kweli kwamba hapakuwa na kundi la tatu lisilofanya mazoezi, hivyo siwezi kudai kwamba sifa yote ni ya mazoezi; lakini nikilazimika kuchagua pa kuwekeza saa zangu, nimeshachagua.

Kwa nini sumaku haikuongeza kitu? Jibu ninaloliona kuwa na uzito zaidi ni kwamba nusu iliyo salama haiwi adui kwa kila mgonjwa. Shaheen Hamdy na wenzake walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba uwezo wa kumeza unaporudi baada ya kiharusi, eneo la kumeza linalopanuka ni lile la upande usiojeruhiwa. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, kuituliza nusu iliyo salama kungekuwa sawa na kumnyang’anya aliyeteguka mguu fimbo anayoiegemea. Ndiyo maana mwaka 2014 Di Pino na wenzake walipendekeza kwamba uamuzi utegemee ukubwa wa jeraha na njia zilizosalia: palipobaki njia za kutosha, ushindani unaweza kuwa ndilo tatizo, palipobaki chache, nusu ya pili ndiyo tegemeo. Juu ya hayo, hata ubongo usio na jeraha hauitiki kwa namna moja. Mwaka 2013 Hamada na wenzake walipowapima watu 52 wenye afya kwa aina mbili za mipigo ya kasi, moja ya kuchangamsha na nyingine ya kutuliza, ni takriban robo tu walioitika kwa zote mbili kama vitabu vinavyosema.

Hapo ndipo mpigo mmoja unapopata heshima yake. Cathy Stinear na wenzake wa Auckland, New Zealand, waliunda utaratibu unaoitwa PREP2. Ndani ya siku 3 baada ya kiharusi, mgonjwa huombwa kuinua mkono pembeni kutoka begani na kunyoosha vidole, na nguvu yake hupewa alama. Mwenye alama 5 au zaidi kati ya 10 hahitaji mashine yoyote. Aliye chini ya hapo huwekewa koili katika siku chache zinazofuata: msuli wa mkono ukiitika, hata kama mwenyewe hawezi kuusogeza kwa hiari, matumaini ya mkono wake ni mazuri, usipoitika, ukali wa kiharusi hutumika kukadiria kama atapata matumizi kidogo au karibu hakuna. Utabiri huu ulikuwa sahihi kwa takriban wagonjwa 3 kati ya 4, na watabibu walipopewa taarifa za aina hii mapema, kwa utaratibu uliotangulia PREP2, wagonjwa walikaa hospitalini kwa takriban wiki moja pungufu.

Kwa hiyo ndugu wa mgonjwa anaponiita pembeni sasa, namweleza kwamba mashine anayoisikia ina kazi mbili, kisha namwomba anisaidie kwanza kumketisha mgonjwa vizuri, ili tuone kama vidole vyake vinanyooka.