Nilivyopata krenki ya Canter yangu nikiwa Mtwara

Canter yangu inabeba korosho kutoka Newala, na ilianza kugonga msimu umeshapamba moto. Fundi alipofungua sampu (bakuli la oili chini ya injini) alikuta beringi za konrodi, mikono inayoshika pistoni, zimeliwa, na krenki, mhimili unaozungushwa na konrodi hizo, imechimbika. Kuisaga tena haikuwezekana: ilishapunguzwa unene kwa milimita 1.00, na beringi za saizi ya chini ya hapo hazikupatikana.

Injini ni 4D32. Muuza spea mmoja wa hapa mjini akanisogezea krenki ya 4D33: "Kaka, chukua hii, Canter zote ni moja." Si kweli, na maneno haya yanawatia watu hasara kubwa. Pistoni ya 4D32 husafiri milimita 105, ya 4D33 husafiri 115. Krenki ile hata ingeingia kwenye bloku, ingeisukuma pistoni milimita 5 juu ya kikomo chake, na huko juu inakutana na vali.

Kwa hiyo niliacha kuuliza jina la injini, nikaanza kupima. Krenki ya zamani tuliilaza juu ya vipande viwili vya mbao vilivyokatwa umbo la V. Tukapima kimo cha shingo ya konrodi (sehemu ya krenki inayoshikwa na konrodi) ikiwa juu kabisa, tukaizungusha, tukapima ikiwa chini kabisa. Tofauti ya vimo hivyo viwili ndiyo safari ya pistoni. Yetu ilitoa 105. Nikaandika pia urefu wa krenki nzima, upana wa kila shingo, idadi ya boliti za flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya krenki) na umbali kati yao, kipenyo cha mahali pa oili sili ya nyuma, na nafasi ya kabari ya gia ya mbele. Unene wa shingo hausemi mengi kwa krenki iliyokwisha kusagwa. Hapo tulikadiria kwa kuongeza ile 1.00.

Karatasi hiyo nilimtumia mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam, akaenda nayo Gerezani, kwenye maduka ya spea, akiwa na vernia ya kupimia. Nilimsisitizia: usilipe kabla hujapima. Krenki kadhaa zilikuwa na safari sahihi ila matundu ya flaiwili yakakataa. Iliyokubali ilikuwa ya mtumba, imeshasagwa 0.25.

Ilipofika na basi, fundi mkerezaji aliiosha, akaipaka mafuta ya taa, akaifuta, kisha akapaka unga wa chaki. Penye ufa mafuta hutoka tena na kuchora mstari. Haukutoka. Akakagua kona za kila shingo kama zimeachwa na mviringo, kwa sababu kona iliyosagwa ikawa kali ndipo krenki hukatikia.

Beringi nilinunua za 0.25, za mein (zinazobeba krenki kwenye bloku) na za konrodi, baada ya maikromita kuthibitisha kila shingo. Wakati wa kufunga, fundi alikaza kifuniko kimoja kimoja na kuizungusha krenki kwa mkono kila mara. Ilizunguka laini mpaka kifuniko cha mwisho, ndipo nikamruhusu arudishe pistoni.