Siku moja maishani mwangu: mhariri wa jarida la utafiti wa uuguzi

Saa 2 asubuhi nafungua mfumo, miswada mipya 6 inanisubiri. Miwili inatoka hapo hapo, mmoja hauhusu uuguzi hata kidogo, wa pili programu ya kulinganisha maandishi imeupaka rangi karibu wote. Ingawa rangi sio lazima iwe wizi, maelezo ya namna ya kupima presha utayaandikaje upya kila siku jamani?

Saa 4 natafuta wapitiaji, wataalamu wa kuusoma mswada na kuupima kabla haujachapishwa, na hapa ndo siku inapoliwa. Mswada mmoja unataka wawili tu, nimeshatuma imeli 9: watano kimya, watatu wamebanwa, mmoja kakubali. Siwalaumu, kazi yenyewe ya bure na wengi ni wauguzi wanaotoka zamu.

Saa 6 nakaa na ule niliokuwa naupenda. Jaribio la kuwageuza wagonjwa mahututi wa ICU kuzuia vidonda vya mgandamizo, makundi mawili yamepangwa kwa bahati nasibu, orodha ya CONSORT, ile ya mambo ambayo ripoti ya jaribio inatakiwa kuyaeleza, wamejaza yote, mchoro wa walioingia na waliotoka upo, yaani umeandikwa mpaka raha. Nikacheki namba ya usajili, yaani pale mpango wa jaribio unapoandikwa kwenye rejista ya wazi. Jaribio limesajiliwa miezi 7 baada ya mgonjwa wa kwanza kuingizwa. Nikaishiwa nguvu. Kanuni ya kamati ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, tangu 2005 inataka usajili utangulie, maana ukisajili ukishaona majibu unaweza kugeuza swali lifanane nayo. Wanasema walihesabu vidonda vya daraja la 2 kwenda juu, yaani ngozi imeshachubuka, sasa je ndo walichopanga tangu mwanzo au ndo kilichotoka vizuri? Wanaweza kuwa wakweli kabisa, ila mimi sina pa kuangalia.

Saa 8 nakula huku naandika barua ya kukataa, nimeifuta mara tatu, kila nikiisoma naona kama nawaita waongo.

Saa 10 imeli ya mwandishi, kwa hasira, mbona mswada wake una miezi minne hauna jibu. Ni ule ule wa imeli 9. Nikamwambia ukweli, natafuta mtu wa pili.

Saa 3 usiku simu inalia, mpitiaji wa kumi kakubali. Anaomba wiki moja zaidi, yuko zamu za usiku.