Kidole cha tano cha kamendegere

Nimerudi Dar jana usiku. Begi bado halijafunguliwa na viatu vimejaa mchanga wa Singida, lakini hili naliandika kabla halijapoa.

Juzi alfajiri mbwa wa mjomba walimuua kamendegere, yule mgugunaji arukaye kwa miguu ya nyuma, kwenye shamba la karanga. Mjomba hakumhurumia hata chembe, maana mwezi mzima amekuwa akikuta mistari imefukuliwa. Mimi nikachuchumaa, nikaanza kuhesabu vidole. Mikono, mifupi kama ya mtoto mchanga, ina vidole vitano vitano vyenye kucha ndefu za kuchimbia. Miguu ya nyuma, ile mirefu ya kurukia, ina vinne vinne. Nikahesabu tena.

"Unatafuta nini, mjomba?"

"Kidole cha tano."

Akanitazama kama mtu aliyepigwa na jua.

Wiki hizi nimekuwa nikimsoma Megapedetes, ndugu wa kamendegere aliyekwisha kutoweka. Mwaka 1957 mtaalamu mmoja, MacInnes, alichapisha maelezo ya mgugunaji mpya kutoka Kenya ya enzi za Miosini, akamwita Megapedetes pentadactylus. Visukuku vyake vimepatikana Songhor na kisiwa cha Rusinga, kwenye majivu ya volkano za kale, vikiwa na umri wa takriban miaka milioni 18 hadi 20. Pedetes ni Kigiriki, maana yake mrukaji. Kwa hiyo huyu ni mrukaji mkubwa mwenye vidole vitano. Nyayo zake za nyuma zilikuwa bado na kidole gumba, kile ambacho wa mjomba hana. Sijui majina mengi ya kisayansi yanayokwenda kwenye hoja moja kwa moja namna hiyo.

Kidole si tofauti pekee. Meno ya kutafunia ya kamendegere wa leo hayana mizizi, hukua maisha yake yote, na mtu anayefukua chakula mchangani kila usiku anayahitaji. Ya Megapedetes yalikuwa na mizizi na taji fupi. Ila nisimwite babu haraka. Namibia alikuwapo ndugu mwingine aliyetoweka, Parapedetes, mdogo wa umbo, naye wa Miosini, mwenye meno marefu zaidi, yanayokaribia ya kamendegere wa leo. Basi huenda Megapedetes ni shangazi tu, wa tawi lililokauka.

Na lilikuwa tawi lenye safari. Kamendegere wa leo huwapati nje ya Afrika: wapo wa kwetu na Kenya, na wapo wa kusini. Lakini mifupa na meno ya Megapedetes yamechimbuliwa Uturuki, jangwa la Negev huko Israeli na kisiwa cha Chios huko Ugiriki. Ardhi ya Afrika na Uarabuni ilikuwa imekwisha kuungana na Asia, na wanyama wakapita. Jino dogo ndani ya udongo wa Chios, mwenyewe nililishangaa kuliko fuvu lolote la tembo.

Usiku ule tulibishana. Nilipokuwa mdogo, kwenye lori la mizigo, niliona jicho moja linapaa na kushuka gizani, linapaa na kushuka, nikaambiwa ni sungura. (Jicho moja kwa sababu macho yake yako pembeni ya kichwa.) Mjomba akasema sungura gani ana mkia kama ule. Nikamwambia wasomi nao walihangaika hivyo hivyo. Forster, mwaka 1778, alimweka kwenye kundi la panya warukao wa jangwani. Wengine wakaona tundu kubwa mbele ya jicho, ambamo msuli wa kutafunia hupita, wakasema huyu ni wa upande wa nungunungu. Ukigeuza taya la chini, limeundwa kama la kindi. Leo jeni zinamsogeza karibu na wale wanyama wa misituni wanaopeperuka mtini hadi mtini, wenye magamba chini ya mkia. Mrukaji wa mbugani na mpeperukaji wa msituni, ukoo mmoja.

Mjomba alinyamaza, akachokonoa moto. Nikadhani nimemchosha.

Asubuhi tulipita shambani kuangalia kama wengine wamekuja. Walikuwa wamekuja. Nyayo za nyuma zilikuwa mbili mbili mchangani, nafasi pana kati ya ruko na ruko, zikielekea moja kwa moja kwenye karanga. Mjomba akainama kwa shida, mkono kwenye goti, akahesabu kwa sauti.

"Sasa hicho cha tano," akauliza, "walikiacha wapi?"