Kombe la chemshabongo: sare haikubaliki

Ligi za chemshabongo za baa Uingereza zina msimu mzima wa kurekebisha makosa. Kombe la mtoano halina. Mko timu 13? Mechi 5 za awali, timu 3 zinapita bila kucheza, wanabaki 8. Hizo 3 ndizo zitunge maswali ya raundi hiyo. Baadaye watunge waliotolewa. Aliyeanza kujibu nusu ya kwanza awe wa pili nusu ya pili, maana maswali hayalingani ugumu kamwe.

Matatizo makubwa huja timu zikilingana pointi. Andaeni swali la namba, kila timu iandike kimya, iliyo karibu zaidi ipite. Mfano: kengele ya Big Ben ina tani ngapi? (13.7.) Wekeni na la akiba, wazee wa kaunta hilo wanalijua.