Viganja vya Neema

"Dada, jua la Dodoma linachoma mpaka viganja?"

Swali hilo la daktari halinitoki. Nikichambua mlenda nalisikia, nikipanda daladala ya Mtumba nalisikia. Wiki hii mahari ya kaka imepelekwa, na ofisi nayo imemaliza kuhama, lakini mimi bado nimo kwenye kile chumba, Neema kakunjua mikono mezani.

Mnajua alivyosemwa kwa ule weusi wake. Mama mkubwa alimwambia mbele ya wageni: "Mwanangu, umeacha mkorogo nini? Mbona umefubaa hivyo?" Mtoto ambaye hajawahi kupaka mkorogo! Alinyamaza, akaomba chumvi. Siku hizo alikuwa akiiramba kavu.

Daktari alifuata mistari ya viganja kwa ncha ya kalamu, ilikuwa myeusi. Fizi nazo zina madoa. Presha akiwa amelala, sawa, aliposimama, ikaporomoka. Akauliza habari ya insulini. Neema akajibu kwa furaha kwamba dozi inapungua tu, labda kisukari cha tangu utotoni kinamwacha.

"Hiki cha aina ya kwanza hakimwachi mtu, mdogo wangu. Kortiso, homoni ya tezi za juu ya figo, ikipungua mwilini, sukari hushuka."

Kisha akachukua cheti cha dawa ya thairoksini tulichopewa kwingine kwa ajili ya tezi ya shingo, akakiweka pembeni. "Hii isubiri. Tukiianza kabla ya kumpa kortiso, inaweza kumwangusha vibaya."

Damu ikachukuliwa asubuhi, akachomwa sindano ya kuziamsha tezi za juu ya figo, ikachukuliwa tena baada ya dakika 30 na 60. Kortiso haikupanda. Kifua kikapigwa picha, maana TB nayo huziua tezi hizo, ni kisafi. Kipimo cha kingamwili tunakisubiri, ila daktari anaamini ni kinga yake mwenyewe inayoshambulia tezi moja baada ya nyingine.

Nilitoka pale nikimshukuru Mungu. Jana usiku hasira ikanipanda. Kisukari kilikuwa na faili lake, shingo faili lake, weusi ukaachiwa wambea. Tangu 1926 daktari mmoja, Schmidt, alishaandika kwamba tezi ya shingo na za juu ya figo huweza kuharibika pamoja! Sasa Neema atameza haidrokotisoni, dawa ya kushika nafasi ya kortiso, maisha yake yote, akipata homa aongeze dozi, akitapika achomwe sindano haraka. Mama mkubwa nimemweleza yote. Amesema, "Basi jua lilikuwa halina kosa," akaendelea kupepeta mchele. Pole hakutoa.

Baba naye amepiga simu kutoka Kongwa. Kwelea kwelea wameshaonekana, mtama haujakomaa, na vijana wa kuamia ndege wote wamekimbilia vibarua vya ujenzi huku mjini.